Wanaoshindwa skolashipu kabla hata ya kuomba

Kuna hoja imeshika kasi hapa Uganda, utaikuta kwa malekchara, kwa wazazi, hata kwa wanafunzi wenyewe: kwamba chuo kikuu hakina kazi ya kumsaidia kijana kutafuta skolashipu ya nje. Ukimsaidia atoke ushampoteza, bora hiyo pesa kidogo iende kwenye maabara, kwa lekchara anayedai malimbikizo ya mshahara wake, au kwenye ule mfumo wa matokeo unaomeza maksi za watu kila muhula. Siyo hoja ya kijinga hata kidogo, na wengi wanaoisema wanaipenda nchi hii kuliko sisi tunaowapinga. Lakini naona wanapiga penye kivuli, mwili uko pengine.

Niwape haki yao kwanza. Serikali inasomesha bure karibu wanafunzi 4,000 tu kila mwaka, wengine wote ni jasho la mzazi. Mikopo ya HESFB, ile bodi ya serikali ya kukopesha wanafunzi, iliyoanza 2014 inalipa ada, zile functional fees (michango mingine ya chuo nje ya ada) na utafiti, lakini chumba na chakula haviko humo, kwa hiyo kuna kijana ametoka Yumbe ana mkopo wa serikali mkononi na bado jioni pale Kikoni, mtaa wa hosteli karibu na Makerere, anagawana rolex moja (chapati iliyoviringishwa na yai) na mwenzake. Huyu utamwambia nini kuhusu ofisi ya kusaidia watu kwenda Ulaya? Halafu kuna madaktari. Hapo mimi sibishani sana, daktari amefunzwa hospitali ya Mulago miaka mitano, akiondoka pengo lake linaonekana wodini kesho yake asubuhi. Na milango yenyewe inabanwa, Uingereza tangu Januari 2024 ukienda kusoma masters ya kawaida ya darasani huruhusiwi kwenda na mke wala watoto. Basi wanauliza, kwa nini tuwekeze kwenye mlango ambao mwenye nyumba anaufunga?

Sawa. Sasa tuangalie nani hasa anapita kwenye huo mlango.

Watu wanafikiri skolashipu inachukua wenye akili nyingi zaidi. Mimi nasema inachukua wenye akili ambao walikuwa na mtu wa kuwaonyesha njia. Tangazo linasema inalipa kila kitu, na ni kweli inalipa, ila inaanza kulipa ukishachaguliwa. Kabla ya hapo ni mfuko wako. Paspoti 250,000. Transkripti, na ukiwa na missing marks, yani maksi zilizopotea kwenye mfumo, hata ya somo moja la mwaka wa pili, deadline inapita wewe bado unazunguka kwa registra na fomu mkononi. Mtihani wa Kiingereza, ambao unalipwa kwa dola, na anaufanya mtu aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi mpaka digrii (Uganda haimo kwenye orodha ya Uingereza ya nchi zinazosamehewa, Jamaica imo, Barbados imo, sisi hapana). Ukipata chuo Marekani kwa viza ya kawaida ya mwanafunzi kuna dola 350 za SEVIS (mfumo wao wa kusajili wanafunzi wa kigeni) na dola 185 za viza, hizi 185 ukikataliwa hazirudi. Jumla 535, yani karibu milioni 2 za Uganda, kwa ajili ya mahojiano ya dakika chache ubalozini pale Nsambya.

Alafu kuna ile namba inayoua watu kabisa: euro 11,904. Hiyo ndiyo Ujerumani inataka uwe nayo kwenye akaunti iliyofungwa kwa mwaka mmoja wa kusoma, zaidi ya milioni 45 za hapa. Kijana anasoma hiyo namba kwenye simu usiku, anafunga simu, hadithi imeisha. Anawaambia wenzake Ujerumani ni ya watoto wa mawaziri, nao wanaamini, na mwaka unaofuata kozi nzima hakuna hata mmoja aliyeomba. Kumbe ukipata skolashipu kamili kama ya DAAD, shirika la Ujerumani la skolashipu, huhitaji hiyo akaunti, barua ya skolashipu ndiyo inasimama mahali pa hizo euro! Huyu kijana hakushindwa na maksi wala hakushindwa na pesa, alishindwa na habari ambayo mtu mmoja anayejua angempa kwa sentensi moja.

Na nikifikiria hili sipati usingizi vizuri, manake hawa hawahesabiwi popote. Anayeomba akakataliwa anaonekana, ana ile email ya kukataliwa. Asiyeomba haonekani, hayumo kwenye ripoti ya mtu. Kwa hiyo tunapokaa kubishana kama wanaokwenda nje wanarudi au hawarudi, tunabishana juu ya kikundi kilekile kidogo ambacho kingekwenda tu, ofisi iwepo isiwepo. Mtoto aliyepita shule za majina kama Budo au Namagunga ana ma-OB na ma-OG, yani waliosoma hapo kabla yake, ana shangazi London, kuna mtu wa kumsomea ile barua ya kujieleza na kumwambia hapa futa, hapa ongeza. Mtoto aliyesoma seed school, zile sekondari za serikali za vijijini, huko Namayingo ana nani? Ukikataa chuo kisimsaidie hujazuia akili kutoka nchini. Umeamua tu kwamba watakaotoka ni wa familia fulani.

Tena vitu vyenyewe wala si siri kubwa. Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, kuomba ni bure, ajenti hahitajiki, lakini wanataka saa 2,800 za kazi, kwa hiyo aliyemaliza chuo jana na hajafikisha saa hizo anapoteza muda wake kuomba leo. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya inakupitisha nchi mbili au zaidi kwa digrii moja. Vyuo vingine vinakubali barua ya chuo chako inayosema ulisomeshwa kwa Kiingereza badala ya mtihani, vya Marekani vingi vinakubali mtihani wa Duolingo ambao ni chini ya dola 100, na vingine ukiomba wakusamehe ada ya kuomba wanakusamehe, ila lazima ujue kwamba inaombwa. EducationUSA, washauri wa serikali ya Marekani, wanashauri watu bure. Asiyejua haya anaishia kwa mabroka wa mjini ambao wanachukua pesa kwa kukujazia fomu ya bure, na wakati mwingine hata fomu yenyewe haijatumwa.

Halafu hiyo barua ya kujieleza. Sisi tumelelewa kwamba kujisifu ni aibu, mtu anaandika "mimi ni mnyenyekevu na ninapenda kufanya kazi kwa bidii" kurasa mbili nzima na hasemi kwamba alianzisha klabu ya kusomesha watoto wa kijiji chao hesabu kila likizo. Barua ya lekchara nayo ni vilevile, mtu ana darasa la wanafunzi 300, hakujui sura, anakwambia andika mwenyewe mimi nitasaini. Simlaumu. Hata huyo lekchara anahitaji msaada.

Turudi kwenye kutorudi, maana najua ndiyo inayowauma wengi. Makerere na Sweden walianza ushirikiano kupitia Sida, shirika la misaada la Sweden, mwaka 2000, mtu alikuwa anasoma PhD nusu huku nusu kule, anakaa Sweden miezi kadhaa anarudi, utafiti wake ni wa Uganda, kazi yake iko Makerere inamngoja. Mamia ya wenye PhD wa chuo kile wametokea hapo. Hata zamani Kibaki alitoka Makerere akaenda London School of Economics, akarudi kufundisha Makerere kabla siasa za Kenya hazijamchukua. Chevening wanakutaka urudi nyumbani miaka miwili, Fulbright ya Marekani hivyohivyo. Najua karatasi haimfungi mtu, wapo wanaotafuta njia ya pembeni, na kwa madaktari na manesi ningekubali kabisa mkataba mgumu zaidi. Ila ukisema kila anayesoma nje ni kyeyo, yani amekwenda kubeba boksi nje, unachanganya mambo mawili. Na hao wa kyeyo wenyewe pamoja na ndugu zao wengine wa diaspora wanatuma nyumbani zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka, tusiwatukane huku tunapokea.

Na "nje" siyo lazima iwe Ulaya. Wizara ya elimu inatangaza nafasi za Algeria, Misri, India, China. Algeria unaanza na mwaka wa lugha, watu wanafika hawajui hilo wanaanza kulia. IUCEA, baraza la vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, makao yake makuu yako hapahapa Kampala. Ndugu zetu wakimbizi wa Kongo walioko Nakivale na Kyangwali wana skolashipu ya DAFI ya UNHCR inayowasomesha vyuo vya Uganda, lakini kabla ya hapo ile diplôme d'État, cheti chao cha kumaliza sekondari, lazima ilinganishwe na mfumo wetu, na mtu anayeongea Kiswahili na Kifaransa anajazwa fomu za Kiingereza bila mtu wa kumwelekeza. Hapo hakuna akili inayotoroka nchi hata moja, ni mtu yuko kwetu anataka kusoma kwetu, na bado anakwama kwenye ukosefu uleule wa mtu wa kumshauri.

Nikipewa mimi kupanga, ningeanza na transkripti, kwa sababu hapo wapinzani wangu na mimi tunataka kitu kimoja: missing marks zikiisha anafaidika anayetafuta kazi Mbarara na anayeomba chuo cha Uppsala kule Sweden. Baada ya hapo watu wawili kwa kila chuo, siyo jengo, siyo kurugenzi yenye gari, watu wawili wanaojua deadline na wanaosoma barua za watu. Na mfuko mdogo wa kukopesha ada ya mtihani na paspoti, mtu akishinda anarudisha kutoka posho yake ya kwanza, akikosa anarudisha polepole akipata kazi. Ubishi uliobaki kwangu ni nani aweke shilingi ya kwanza kwenye huo mfuko, maana HESFB kwa sasa inalipia vyuo vya hapa nchini, na functional fees wanafunzi wanalipa tayari, hizo nazo zingeanza kwanza kuonyesha zinaenda wapi.