Barabara ya Harry Thuku na aliyeanguka nje ya seli

Jijini Nairobi, anayepita Barabara ya Harry Thuku mbele ya Hoteli ya Norfolk yuko karibu mno na mahali watu walipouawa. Machi 16, 1922, umati ulijazana nje ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku, karani wa simu aliyeongoza upinzani dhidi ya serikali ya kikoloni, aachiliwe. Alikuwa amekamatwa siku mbili kabla, kwa kupinga kipande (kitambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba), kodi, na wasichana kusombwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi.

Wapo wanaosema hastahili barabara. Aliporudi kutoka uhamishoni, alikopelekwa baada ya kukamatwa, alilegea; mwaka 1935 akaanzisha Kikuyu Provincial Association, chama cha utii kwa serikali, na Mau Mau ilipozuka mwaka 1952 akailaani hadharani. Wanaomtetea hujibu kwamba barabara inakumbuka 1922, si 1952. Nakubaliana nao. Karani wa simu wa Hazina aliyekubali kupoteza kazi yake kwa ajili ya wanyonge hafutwi na uoga wa uzeeni.

Lakini kama ni siku ile tunayoikumbuka, basi tuikumbuke yote. Thuku alikuwa ndani ya seli. Nje, viongozi waliotoka kuonana na serikali waliwasihi watu watawanyike, na wanaume wakaanza kuondoka. Mary Muthoni Nyanjiru ndiye aliyewazuia. Alipandisha nguo yake hadi mabegani, akawaambia waichukue, wampe yeye suruali zao. Wakikuyu huita kitendo hicho guturama, nacho ni tusi zito ambalo mwanamume hawezi kulimeza. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukarudi na kusonga mbele. Risasi za polisi zilipolia, Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Walowezi waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk nao wakafyatua bunduki zao.

Serikali ilihesabu maiti 21, wanne kati yao wanawake. Mashahidi wa Kiafrika walitaja idadi kubwa zaidi. Hata tukishika hesabu hiyo ndogo, karibu mmoja kati ya kila watano waliokufa alikuwa mwanamke. Nairobi ya wakati huo ilikuwa mji wa vibarua wanaume. Wanawake walikuwa wachache. Kufa wanne maana yake walisimama mbele, si pembeni. Na ilikuwa haki yao kusimama pale, kwa kuwa waliokuwa wakisombwa mashambani ni mabinti zao.

Sidai Thuku aondolewe. Naomba sehemu ya barabara inayopita mbele ya Norfolk, zilikotoka zile risasi za walowezi, ipewe jina la Nyanjiru.