Kufungia Nyimbo: Baraza la Sanaa Linamlinda Nani?

Kila Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) linapoufungia wimbo, mjadala miongoni mwetu wanafunzi wa vyuo hugawanyika mapema mno. Wako wanaoona kwamba kila wimbo uliofungiwa ni ushahidi wa serikali kuwaogopa vijana, na wako wanaoona kwamba kila anayelalamika ni mtetezi wa matusi. Swali ambalo pande zote mbili hulipita ni kama uamuzi wenyewe, ukishatangazwa, unamfikia yule mtu tunayeambiwa kwamba umechukuliwa kwa ajili yake, yaani mtoto.

Tuanze na tukio la mwaka 2018. Mwezi Novemba BASATA iliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny akimshirikisha Diamond Platnumz, kwa hoja kwamba mashairi yake, yaliyolichezea jina la Nyegezi, eneo linalofahamika sana katika jiji la Mwanza, yalikuwa ya matusi. Mwezi uliofuata wasanii hao wawili waliupiga jukwaani, tena Mwanza kwenyewe, na baraza likajibu kwa kuwazuia kufanya maonyesho ndani na nje ya nchi kwa muda usiojulikana. Waliomba radhi, na Januari 2019 zuio likaondolewa. Kwa mtazamo wa utawala, hapo shauri lilikuwa limekwisha: chombo kilichoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984 kilitoa amri, amri ikadharauliwa, aliyedharau akaadhibiwa. Ila wimbo unaoondolewa redioni kwetu hauondoki masikioni. Huhamia WhatsApp, kwenye memori kadi za wauza nyimbo wa mitaani na kwenye simu ya mama ambayo mtoto wa miaka kumi anaijua kuliko mwenyewe, na tangazo la kuufungia huwafanya hata wasioupenda kuutafuta.

Hata hivyo, hoja ya wanaounga mkono udhibiti haistahili dhihaka inayofanyiwa mitandaoni. Panda daladala la kwenda Gongo la Mboto saa za kutoka shule. Utawakuta wanafunzi wa shule ya msingi wamesimama karibu na mlango, mabegi yamebanwa kifuani, spika iko chini ya kiti cha nyuma, na wimbo unaopigwa unaeleza mambo ya chumbani bila hata kujisumbua kuyafumba, huku konda akiitikia kiitikio na kugonga bati. Mtoto huyo hakuchagua wimbo. Hawezi kushuka pia, kwa kuwa amepandishwa kwa shida kutokana na nauli yake ndogo ya mwanafunzi, na gari linalofuata huenda lisimchukue kabisa. Anayesema kwamba asiyetaka azime redio anamzungumzia mtu aliye nyumbani kwake mwenye rimoti mkononi, na wasikilizaji wengi wa muziki wa Dar es Salaam hawako katika hali hiyo.

Wenzetu wa kike huongeza jambo ambalo sisi wanaume tuna tabia ya kulipita haraka. Wanasema kwamba mistari inayomfanya mwanamke kuwa bidhaa ya kupimwa haibaki ndani ya wimbo, kwani ndiyo hiyo hiyo wanayorushiwa wakipita mbele ya kijiwe cha bodaboda jioni. Nikiwasikiliza, sioni namna ya kuwaambia kwamba hayo ni burudani tu.

Ninapoachana na upande huu ni pale unapodai kwamba mambo haya ni mageni katika utamaduni wetu. Nyimbo za unyago za pwani huyataja ya mwilini kwa uwazi ambao msanii wa Bongo Fleva angeuonea haya. Tofauti ni kwamba ziliimbwa faraghani, na kungwi mwenye dhamana, mbele ya wari waliofikia umri, na mtoto au mwanamume hakuruhusiwa kusogea. Hayati Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa mwalimu wa unyago na baadaye akaipandisha ngoma hiyo majukwaani mbele ya wanaume na wageni, kwa hiyo hata mpaka huo haukuwa ukuta wa zege. Lakini ulikuwapo, na kilichosimamiwa kilikuwa nani anasikia, wapi na akiwa na umri gani. Udhibiti wetu wa sasa umeliacha swali hilo na kushika jingine, kwamba wimbo uwepo au usiwepo, na swali hilo la pili halina jibu katika nchi ambayo muziki unasafiri kwa simu.

Kuna hatari nyingine, ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi: mkono unaofungia matusi ndio huo huo unaofungia maneno yasiyowapendeza wakubwa. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa na polisi kwa sababu ya wimbo "Wapo", na BASATA ikaufungia. Ndani ya siku hizo hizo Harrison Mwakyembe, waziri wa sanaa wa wakati huo, alitangaza kwamba Rais wa wakati huo, John Magufuli, ameupenda wimbo huo, kwamba msanii aachiwe na wimbo upigwe, tena aongezee na wakwepa kodi na watu wengine waovu. Vijana wengi walishangilia, na ninaelewa kwa nini. Mimi tukio hilo hunitia wasiwasi kuliko hata kukamatwa kwenyewe, kwa sababu Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake, na hapa uhuru huo ulitegemea kama mtu mmoja amevutiwa na wimbo. Je, asingeupenda? Mwaka 2024 msanii huyo huyo aliitwa tena na baraza kwa wimbo wake "Nitasema", na safari hiyo malalamiko hayakuhusu lugha ya chumbani.

Majirani zetu wa Kenya hawajalimaliza tatizo hili, ila wana mambo mawili ya kutazamwa. La kwanza ni mahakama. Filamu "Rafiki" ya Wanuri Kahiu ilipopigwa marufuku na bodi ya filamu Aprili 2018, mtengenezaji alikwenda Mahakama Kuu, na Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany aliruhusu ionyeshwe kwa watu wazima kwa siku 7. Mwaka 2020 mahakama hiyo iliuthibitisha uamuzi wa bodi. Mtu anaweza kukubaliana na matokeo hayo au kuyapinga, lakini bodi ililazimika kueleza sababu zake mbele ya jaji na kujibiwa hoja kwa hoja, wakati kwetu mabishano ya namna hii kwa kawaida huishia kwenye barua ya kuomba radhi. La pili ni saa. Kanuni za utangazaji za Kenya zinatenga muda wa kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku kuwa ni wa familia nzima, na yanayowafaa watu wazima husubiri. Utekelezaji una matundu mengi, lakini swali linaloulizwa ni lile la unyago.

Kwa hiyo ningependa BASATA ibaki, lakini ifanye kazi tofauti. Iuwekee wimbo daraja la umri badala ya kuufungia, itoe sababu kwa maandishi ikitaja mistari inayolalamikiwa kabla ya adhabu yoyote, na nyimbo za kukosoa viongozi ziondolewe kabisa mezani pake, kwa kuwa kiongozi aliyekashifiwa ana mahakama kama raia mwingine yeyote. Msanii asiondolewe riziki yake yote kwa sababu ya wimbo mmoja, maana anayeumia hapo ni pia mpiga ala, dansa na fundi mitambo ambao hawakuandika hata mstari.

Pendekezo hili lina udhaifu, na uko pale pale kwenye daladala. Daraja la umri halina maana kwa spika iliyo chini ya kiti. Labda sharti la muziki wakati wa kwenda na kutoka shule liingizwe katika leseni zinazotolewa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, kama yalivyo masharti ya ruti na nauli. Wenye magari watalalamika, makonda watapunguza sauti wakimwona trafiki na kuirudisha akishapita, na nadhani itachukua miaka kabla sharti hilo halijaheshimiwa. Lakini litamgusa aliyebonyeza kitufe mbele ya mtoto, na huyo aliyebonyeza hakuna aliyemtaja katika mabishano yote ya mwaka 2018.