Von Lettow "hakushindwa", lakini mizigo yake ilibebwa na nani?

Kila mwezi wa Novemba hadithi ileile hurudi mitandaoni. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani aliyewazungusha Waingereza, Wabelgiji na Wareno kwa miaka minne porini, akaja kuweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, siku 14 baada ya vita kusimama Ulaya. Wasimulizi humalizia kwa neno moja: hakushindwa. Na siku hizi wanaoisambaza si Wazungu peke yao. Watanzania wenzangu, tena vijana wanaosoma sana, huiweka kwenye kurasa zao kwa fahari, kana kwamba yule mzee alikuwa akipigana kwa ajili yetu.

Inanikera, na sababu si kwamba alikuwa Mjerumani. Ukiihesabu Vita ya Kwanza ya Dunia ya upande huu wa Afrika kwa mapigano yake, utamwona kamanda hodari. Ukiihesabu kwa watu waliokufa, mapigano yanakuwa jambo dogo kabisa. Wengi walikufa njiani wakiwa na mzigo kichwani, au nyumbani kwao mbele ya ghala tupu. Kwangu mimi huo ndio ukatili mkuu wa vita ile, na una wenyewe. Haukuletwa na mvua wala na mbung'o.

Nianze na Tanga, maana ndiyo inayopendwa. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika mbele ya mji zikiwa na jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, waliochoshwa na safari ndefu ya bahari. Jenerali wao, Arthur Aitken, aliamini kazi itakuwa nyepesi. Kabla ya kuteremsha watu wakatuma kwanza salamu za kuutaka mji usalimu amri, na muda huo ulimtosha Lettow kushusha askari wake kwa treni kutoka Moshi. Tarehe 4 wakapigana mashambani na katika mitaa ya mji. Nyuki wakachokozwa na risasi, wakauma bila kuchagua upande. Kesho yake Waingereza wakarudi melini, wakawaachia Wajerumani, ambao hawakuzidi sana 1,000, bunduki kwa mamia, bunduki za rashasha na risasi kama 600,000. Aibu tupu, na inafurahisha kuisoma. Lakini nyuki wa Tanga wameandikwa kuliko wapagazi wote wa vita ile, na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Januari 1915, Lettow alishinda tena Jasini, karibu na mpaka wa Kenya. Ushindi huo ulimgharimu maofisa na risasi nyingi kiasi kwamba mwenyewe aliona hawezi kumudu ushindi mwingine wa namna hiyo. Kuanzia hapo shabaha yake ikawa moja, wala hakuificha: kuwashughulisha Waingereza huku ili majeshi yao yasipelekwe Ulaya. Soma tena sentensi hiyo. Hakuwa akilinda Tabora wala Songea. Nchi nzima, pamoja na watu wake, ilifanywa chambo cha vita vya Ufaransa.

Mwaka 1916 Jan Smuts akaja na jeshi kubwa lenye wapanda farasi wengi kutoka Afrika Kusini. Moshi ikaanguka Machi, Dar es Salaam Septemba, na mwezi huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora na askari wao wa Kongo. Kwenye ramani ni maendeleo ya haraka. Njiani, farasi na nyumbu walikufa kwa maelfu kwa sababu ya mbung'o, na masika yalipoanza magari yakazama kwenye tope. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu.

Hebu tupige hesabu, kwa sababu hesabu hii ndiyo vita yenyewe. Mpagazi anabeba kama kilo 25. Tuseme mzigo wake ni unga, naye anakula kilo moja kwa siku. Baada ya siku 25 mzigo wote umeishia tumboni mwake, hajafikisha kitu mbele, wala hana cha kula akirudi. Jeshi likisogea mbali na reli, kila askari mmoja anahitaji wapagazi kadhaa, nao wanahitaji wapagazi wengine wa kuwabebea chakula. Jenerali anayetaka kusonga haraka ana njia mbili tu: aongeze watu, au apunguze posho. Pande zote mbili zilifanya yote mawili.

Waingereza peke yao walikusanya wapagazi na vibarua wanaokaribia milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland (leo Malawi), Zanzibar, sehemu za nchi yetu walizokwisha kuzitwaa, na hata Afrika Magharibi. Wachache walikwenda kwa hiari mwanzoni. Sheria ya 1915 ya Kenya iliruhusu kuwachukua kwa nguvu, na mwaka 1917 ukafanyika msako mkubwa chini ya John Ainsworth, wilaya kwa wilaya. Mshahara ulishushwa hadi rupia tano au sita kwa mwezi, chini sana ya ule wa askari. Watu wa milimani walipelekwa kwenye mabonde ya Rufiji yenye malaria. Waliozoea ndizi au wali walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika haraka kwa maji ya dimbwi, na kuhara damu kukawamaliza. Wengi walitembea pekupeku na blanketi moja katika mvua kubwa za mwaka 1917.

Hesabu rasmi za Waingereza zinataja wapagazi wapatao 95,000 waliokufa, wakiwemo kama 45,000 wa kutoka Kenya, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Linganisha na askari wa upande huohuo: kama 11,000, tena wengi wao kwa maradhi. Na wakubwa walijua. Oscar Watkins, aliyekiongoza kikosi cha wapagazi, aliwalalamikia juu ya chakula na matibabu. Afisa mmoja wa Wizara ya Makoloni kule London aliandika baadaye kwamba kampeni ile iliponea kidogo tu kuwa kashfa, kwa sababu walioteseka zaidi walikuwa wapagazi, na kwani nani anajali wapagazi wenyeji? Sijaona maneno ya wazi kuliko hayo.

Sasa turudi kwa shujaa wetu wa mitandaoni. Upande wake hata hesabu ya namna hiyo haikuwekwa. Wanakijiji walikamatwa wakabebeshwa mizigo, aghalabu bila malipo, wakati mwingine wamefungwa kamba wasitoroke. Chakula kilichukuliwa ghalani, na kilichoshindikana kubebwa kikachomwa ili adui asikikute. Shahidi ninayemwamini zaidi ni wa kwao wenyewe. Ludwig Deppe, daktari wa jeshi la Lettow, alikiri baada ya vita kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa, na kwamba hawakuwa tena waletaji wa ustaarabu. Mbinu hii haikuwa ngeni. Wazee wa Ungoni na Umatumbi walikuwa wameiona katika Vita vya Majimaji, ambapo njaa iliua wengi kuliko bunduki. Lettow naye alikuwa ofisa katika vita dhidi ya Waherero huko Namibia mwaka 1904. Alikuja huku akiwa amekwisha kuuona ukoloni ukifika kilele cha ukatili wake.

Mapigano makali kuliko yote yalikuwa Mahiwa, nyuma ya Lindi, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700, waliouawa na waliojeruhiwa, kati ya kama 5,000, na askari wa Nigeria waliumia vibaya sana. Wajerumani walipoteza zaidi ya 500. Vitabu vinauita ushindi wa Lettow. Mwezi mmoja baadaye alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji kwa sababu hakuwa tena na risasi wala chakula. Wakati huo, mbali na milio hiyo ya bunduki, Ugogo ilikuwa inaingia kwenye njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Wajerumani walikuwa wamechukua ng'ombe na nafaka walipokuwa wakirudi nyuma, Waingereza wakaja wakachukua tena, na wakachukua vijana kwa maelfu kuwa wapagazi, msimu wa kulima ukawapita. Mvua zilipogoma hapakuwa na akiba ya kuwavusha. Wanahistoria hukadiria kwamba watu kama 30,000 walikufa, mtu mmoja kati ya kila watano. Rwanda kaskazini nako kulikuwa na njaa yake ya vita, Rumanura. Homa ya mafua ya 1918 ilipofika, ilikuta miili ambayo haikuwa na nguvu ya kupigana na chochote.

Niliwahi kujibiwa kwamba vita ni vita, na kwamba nahukumu watu wa 1914 kwa akili za leo. Basi tuwasikilize watu wa 1914. John Chilembwe, mchungaji wa Nyasaland, aliandika Novemba mwaka huohuo, baada ya mapigano ya Karonga, akihoji kwa nini Waafrika wafe katika ugomvi usiokuwa wao huku wenye mali wakikaa nyumbani. Januari 1915 akaasi, na Februari akauawa. Mwaka 1917 watu wa Barue huko Msumbiji waliwainukia Wareno, na kukamatwa kwa wanaume wakawe wapagazi kulikuwa miongoni mwa sababu. Wenzetu wa wakati ule walielewa vizuri kilichokuwa kikitendeka.

Jibu la pili ni zito zaidi, nami silikwepi: walioingia vijijini na bunduki mara nyingi walikuwa Waafrika. Askari wa Kijerumani walikuwa Wasukuma, Wanyamwezi, Wamanyema, Wasudani. Rugaruga, wapiganaji wasio rasmi waliotumwa kupora, walizungumza lugha moja na walioporwa. Ni kweli, na lazima isemwe darasani. Lakini amri ya kuishi kwa kunyang'anya ilitoka juu, kwa watu walioamua kwamba ramani ya Ulaya ina thamani kuliko mtama wa Mgogo. Askari aliyepora ana dhambi yake; aliyepanga vita isiyoweza kuendelea bila uporaji ana kubwa zaidi.

Berlin ilimpokea Lettow kwa gwaride mwaka 1919, na kambi za kijeshi zikaja kupewa jina lake. Mwaka 1964, mwaka aliokufa, Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wake waliobaki hai, na kundi lao likakusanyika Mwanza. Husimuliwa kwamba wasiokuwa na cheti walipewa ufagio na kuamrishwa kwa Kijerumani wafanye mazoezi ya bunduki, nao hawakukosea. Watu huisimulia kwa tabasamu. Mimi huuliza wapagazi wangethibitisha kwa nini, kwa alama za kamba mabegani?

Waingereza nao walijenga sanamu ya Askari pale Dar es Salaam mwaka 1927. Mnara mwenzake wa Nairobi unawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, bila jina hata moja. Haikuwa bahati mbaya. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulichangia. Mwaka 2025 ukazinduliwa mnara Cape Town wenye majina zaidi ya 1,700 ya vibarua weusi wa Afrika Kusini, wengi wao waliofia huku kwetu. Nawapongeza. Inamaanisha majina yanaweza kutafutwa, na kisingizio cha kwamba hayapo kimepungua nguvu.

Sioni haja ya kungoja London itufanyie kazi hiyo yote. Kuna kumbukumbu za wilaya, kuna vitabu vya misheni, na Ugogo bado kuna familia zinazoijua Mtunya kwa masimulizi ya bibi na babu. Na wizara isihitaji tume kurekebisha jambo dogo la mtihani: swali likiuliza athari za Vita ya Kwanza ya Dunia, mwanafunzi wa Dodoma aanze na njaa ya Ugogo, afuatishe wapagazi, na Mkataba wa Versailles autaje wa tatu, kama muda utamruhusu.