Mgeni akishuka Kisumu: laini ya hapa au eSIM ya safari?

Kila Agosti na Desemba simu yangu hugeuka meza ya maulizo. Ndugu walio ng'ambo wameshakata tiketi, masanduku yamefungwa, kilichobaki ni swali moja: "Nikija, nitumie eSIM ya safari au ninunue laini huko huko?" Karibu kila anayeuliza ameshapiga hesabu ya bei ya GB na kuona laini ya Kenya ni nafuu mara kadhaa. Hesabu yake ni sahihi. Tatizo ni kwamba anapigia hesabu intaneti, na huku kwetu laini ya simu ina kazi nyingine nyingi kabla ya intaneti.

Kwa asiyeijua, eSIM ni kadi ya simu isiyoshikika. Chipu imo ndani ya simu tangu kiwandani, na kampuni hupakia humo maelezo ya laini, mara nyingi kwa kuskani msimbo wa QR. iPhone zilianza kuwa nayo 2018, na kuanzia iPhone 14 ya 2022, zile zinazouzwa Marekani hazina hata kitundu cha kadi. Safaricom na Airtel pia hutoa laini zao kwa njia hiyo, kwa hiyo eSIM yenyewe si kitu cha wageni. Ninachokipima hapa ni ile ya safari, ya kampuni kama Airalo au Holafly. Unainunua ukiwa sebuleni kwako, unalipa kwa kadi ya benki, na ukitua Kenya inajishikiza kwenye mtandao wa hapa kama mgeni. Nyingi ni za data tu: hazina namba ya Kenya, na kwa simu ya kawaida hazipigi wala hazipigiwi.

Na ubishi wote unarudi kwenye hiyo namba.

Binamu yangu anayeishi Uingereza alikuja Desemba moja na eSIM ya siku kumi na tano. Ndege kutoka Nairobi ilipotua Kisumu, hata kabla hajafika mlangoni, alikuwa ameshatuma picha ya ziwa kwenye grupu la ukoo. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye foleni ya magari ya mtaa wa Kondele, nikamwambia aite teksi kwa programu. Akaita. Dereva akakubali, kigari kikaonekana kwenye ramani, kikasimama palepale. Sisi wenyeji tunajua kinachoendelea: dereva wa hapa haondoki mpaka akupigie. "Uko wapi? Mko wangapi? Unalipa keshi ama M-Pesa?" Namba iliyokuwa kwenye akaunti inaanza na +44. Nani atapiga Uingereza kwa kredo yake kutafuta abiria wa shilingi mia nne? Akangoja kidogo, akafuta safari. Wa pili vivyo hivyo. Nilimkuta binamu amekaa juu ya sanduku, mistari yote minne ya mtandao imejaa.

Jioni tukaenda Dunga kula samaki. Ngege mzima wa kukaanga, ugali, sukuma, na upepo wa ziwa wa bure. Bili ilipokuja akatoa kadi ya benki, mama mwenye kibanda akaitazama kama anaonyeshwa picha ya harusi. "Lipa tu hapo mwanangu, Till iko ukutani." Till ni namba ya kulipia kwa M-Pesa. Nikalipa mimi. Kesho yake nikalipa boda, keshokutwa mahindi ya kuchoma, na siku ya nne nilikuwa benki yake rasmi, pamoja na daftari la madeni tulilolifanyia utani mpaka lilipoacha kuchekesha.

M-Pesa, huduma ya Safaricom ya pesa kwa simu, ilianza Machi 2007, na imekaa kwenye laini, si kwenye intaneti. Piga *334# kwenye simu isiyo na data hata chembe, menyu inafunguka. Kinyume chake, unaweza kuwa na GB hamsini za eSIM ya safari na usiweze kununua andazi. Ndiyo maana mtu akiniambia laini ya Kenya ni "ya intaneti ya bei nafuu", naona ameisifu kwa sifa yake ndogo. Laini hiyo ni pochi, ni anwani, ni jina unalojulikana nalo kwa muuza maziwa. Mgeni anaweza kusajiliwa kwa pasipoti na akafunguliwa M-Pesa. Si haki ya mwenye kitambulisho cha Kenya peke yake.

Lakini nikisema hivyo tu nitakuwa nimedanganya, maana kuipata laini hiyo kuna gharama isiyoandikwa kwenye bango la bei. Kwa kanuni za nchi, laini haiuzwi bila mnunuzi kusajiliwa kwa hati yake. Wengi tunakumbuka 2022, tulivyopangwa foleni kusajili upya laini tulizokuwa nazo miaka kumi, mpaka siku ya mwisho, iliyokuwa Aprili, ikasogezwa hadi Oktoba. Dada yangu mmoja alikuja kwa matanga, siku nne tu kati ya kutua na kuondoka. Nilimpeleka kwa wakala aliyekaa chini ya mwavuli, mjini kati. "Sistimu iko chini, ngojeni kidogo." Kidogo hicho kilikula saa mbili, kwenye jua la Kisumu ambalo halina adabu. Kisha kijana akatoa simu yake mwenyewe na kupiga picha ukurasa wa pasipoti. Nilimuuliza picha hiyo inakaa wapi baadaye. Akacheka. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, ila pale chini ya mwavuli sikuiona. Tangu siku hiyo kila aliyesajili laini kwa pasipoti au kitambulisho namwambia apige *106# aone ni laini ngapi zimeandikwa kwa jina lake.

eSIM ya safari haina habari na hayo. Nyingi hazikuulizi pasipoti, hazina mwavuli, hazina sistimu ya kuwa chini. Kwa dada yule ningekuwa na akili ningemwambia aje na eSIM ya dola chache, na sisi tumlipie kila kitu, kama tulivyomlipia hata baada ya kupata laini. Anayefika Alhamisi, azike Jumamosi, aruke Jumapili, hana sababu ya kupoteza nusu siku akitafuta namba atakayoitupa. Vivyo hivyo mwenye mkutano wa siku mbili, analala hotelini Milimani na kubebwa na gari la waandaaji.

Kuhusu bei sitakaa sana. Mabando yetu yaliyozoeleka, kama lile la GB 1 ya saa moja au lile linalokufa saa sita za usiku, humfanya mgeni aone kama anaibia kampuni. Asichokijua ni kwamba hajanunua intaneti, amenunua saa. Akilala nayo imekwisha. Mabando yasiyoisha muda ni ghali zaidi, na kwenye kila shilingi serikali imeshachukua ushuru wake na VAT juu. Mtego mbaya zaidi ni wa asiyejua *544#, msimbo wa kununulia bando la Safaricom: anaweka kredo ya mia tano, anawasha data bila bando, simu inaanza kujisasishia programu zake, na kabla ya chai mia tano imeyeyuka. eSIM ya safari haiwezi kukufanyia hivyo, ikiisha imeisha. Nayo ina ujanja wake. Mpwa wangu alinunua moja iliyoandikwa "bila kikomo", akagundua kikomo kipo: ukivuka kiasi fulani kwa siku, kasi inashushwa mpaka video inakuwa maonyesho ya picha za mnato. Maandishi yalikuwepo, chini kabisa, ya kijivu.

Kuna jambo wengi hawalijui kuhusu njia inayopitiwa na data. Laini ya hapa huingia intaneti ikiwa hapahapa nchini. eSIM ya safari ni mgeni, na kwa kawaida data yake hurudishwa kwanza kwa kampuni iliyoitoa, pengine Ulaya, pengine Singapore, ndipo itoke kwenda inakokwenda. Mtu wa mtaa wa Milimani akimtumia ujumbe mwenzake wa Nyalenda, hapahapa Kisumu, ujumbe unavuka bahari kabla ya kuvuka barabara. Kwenye barua pepe huhisi chochote. Kwenye simu ya video unahisi: mnakatizana maneno, kila mmoja anasema "endelea wewe", kimya, kisha wote mnaanza pamoja. Kwa mwenye kazi ya mikutano ya mtandaoni kutwa nzima, hilo peke yake linatosha kumtafutia laini ya hapa, mwavuli au si mwavuli.

Lakini mzunguko huohuo humsaidia mgeni siku nyingine. Novemba 2024, wakati wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, Telegram ilizuiwa nchini kwa sababu ya wizi wa mitihani. Uganda nayo ilifunga Facebook Januari 2021, kuelekea uchaguzi, na ikaiacha imefungwa miaka mingi. Vizuizi hivyo huwekwa na kampuni za nchi husika, na data inayotokea nchi nyingine kwa kawaida haipiti kwenye lango hilo. Sisemi mtu anunue eSIM kwa ajili ya kukwepa sheria. Nasema asishangae mwenzake kwenye meza ileile akiona kinachokataa kwake.

Nimetaja Uganda kwa makusudi, maana kwetu magharibi mpaka si jambo la kwenye ramani. Kutoka Kisumu hadi Busia ni safari ya asubuhi, na pale mjini simu hubadili uraia kabla yako: umesimama upande wa Kenya unakunywa soda, ujumbe unaingia kukukaribisha Uganda. Tuna historia ya kujivunia hapa. Kampuni ya simu ya Celtel mwaka 2006 ilifuta mipaka kwa wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania, jambo ambalo Ulaya ilikuwa bado inalijadili, na 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zikakubaliana kushusha bei za kupigiana. Ila makubaliano hayo yalilenga sauti. Data ilibaki na bei zake, na kila kampuni na vifurushi vyake vya romingi, yaani vya kutumia laini yako ukiwa nchi nyingine, ambavyo lazima uviwashe kabla ya kuvuka. Ukisahau, utalipa. Kwa mtu wa kuzunguka Kisumu, Jinja, Kampala, Kigali kwa wiki moja, eSIM ya eneo zima inayohesabu nchi zote kama moja ndiyo ninayoipigia kura bila kusita. Kununua laini tatu na kusajiliwa mara tatu ni adhabu.

Cha kuuliza kabla ya kulipa ni: hiyo eSIM hushika mtandao gani ikifika Kenya? Baadhi hushika mmoja tu. Mjini Kisumu hutaona tofauti. Ukiwa kijijini ambako mnara unaofika ni wa kampuni nyingine, utakuwa na eSIM iliyolipiwa na simu ya kupigia picha za kuku. Maelezo huwa kwenye ukurasa wa kuuzia, yamefichwa kidogo.

Mwishowe simu nyingi zenye eSIM hubeba laini mbili kwa pamoja, na hapo ndipo ushauri wangu hutua kwa anayekaa zaidi ya wiki. Aje na eSIM ndogo ya kumfikisha, aipakie akiwa bado na waifai ya nyumbani kwa sababu msimbo wenyewe unahitaji intaneti, na asiifute ovyo maana nyingi hazipakiwi mara ya pili. Laini yake ya ng'ambo aiache hewani kwa ajili ya ujumbe wa benki, ila data yake aizime kabisa, pamoja na ule mpangilio unaoruhusu simu kuhamia data ya laini nyingine yenyewe. Huwa kunatokea mkanganyiko: romingi ya data izimwe kwenye laini ya nyumbani, iwashwe kwenye eSIM. Wengi hugeuza, kisha hushtakiana na bili. Akitulia, siku ya pili au ya tatu, asubuhi mapema kabla ya jua, aende kwenye duka la kampuni lenye mlango na kaunta, akapate laini na M-Pesa. Na kabla ya yote ahakikishe simu haijafungwa na kampuni iliyomkopesha. Simu ya namna hiyo hukataa laini ya hapa na eSIM ya safari kwa pamoja.

Sisi tunaobaki tuna kicheko chetu pembeni. Simu nyingi za Tecno, Infinix na itel zilizo mifukoni mwa watu huku hazina eSIM, kwa hiyo mjadala huu ni wa wachache. Ila mwenye simu inayokubali akisafiri yeye, mambo hugeuka: laini ya Kenya ibaki ikipokea ujumbe wa benki, eSIM ifanye kazi ya intaneti.

Binamu yangu alinunua laini siku ya tano, ya kadi ya kawaida. Alipokuwa anaondoka akauliza itakuwaje, kwa sababu laini isiyotumika kwa miezi mingi hurudishwa sokoni na namba kupewa mtu mwingine. Tukaiweka kwenye mulika mwizi, simu ndogo ya tochi, ya shangazi kule Ahero. Namba ya siri ya M-Pesa anayo binamu, shangazi kazi yake ni kuweka kredo kidogo kila mwezi na kupiga simu mbili tatu ili isife. Juzi shangazi kanipigia kulalamika: kuna mtu wa teksi amempigia saa kumi na mbili asubuhi, akamuuliza uko wapi.