Somo la kompyuta sekondari: Word kwanza au Python?

Ukikaa na walimu wa kompyuta hapa Mbeya, ubishi hauchelewi: kozi ya mwanzo ianze na Word na Excel, au mwanafunzi afundishwe kutunga programu tangu siku ya kwanza?

Hoja ya Word ina uzito. Kijana aliyemaliza kidato cha nne akijua kuchapa haraka anaweza kupata kibarua steshenari pale Mwanjelwa. Mzazi aliyelipa ada kwa fedha za viazi anataka kuona faida hiyo, na ana haki. Tena wapo wasiowahi kushika kipanya. Hao ukiwaletea Python, lugha ya kutungia programu, unawapoteza kwenye kibodi tu.

Shida ni kwamba kozi inayoanza na Word huishia kwenye Word. Muhula mzima watoto wanakoleza maandishi na kupaka jedwali rangi, na toleo jipya likija menyu zimehama.

Mimi naegemea kwenye kutunga programu, tena kwa sababu wenzangu wanayoiona kikwazo: kompyuta chache, umeme wa kukatika. Programu huanzia kwenye daftari. Chukua lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Waambie kidato cha kwanza waandike hatua za kulikagua: pokea uzito, ukizidi 100, andika “lumbesa”, la sivyo, andika “sawa”. Rahisi. Sasa uliza: na gunia la kilo 100 kamili? Walioandika “kuanzia 100” wamemtoza faini mkulima asiye na kosa, na darasa litabishana hadi kengele. Ongeza kwamba lori lina magunia 60, nao watahitaji kitanzi, yaani hatua zilezile kurudiwa kwa kila gunia, bila wewe kukitaja. Maabara itafuata, kwa mistari michache ya Python.

Upande wangu unapwaya kwa walimu. Vishikwambi walivyogawiwa baada ya sensa ya 2022 vinafaa kuandalia masomo, ila havimfundishi mtu kusaka kosa kwenye programu iliyogoma. MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, iko hapahapa Iyunga. Wanafunzi wake wa kompyuta wangeweza kuombwa waje kusaidia Jumamosi.

Na mwalimu asiyeijua Python bado ana Excel. Fomula ya IF inalikagua gunia lilelile, kwa sharti lilelile la kuzidi 100. Afundishe hiyo kabla ya rangi za jedwali.