Mwenye kovu usidhani kapoa

Mpangilio wa hadithi za mapenzi na taharuki unaujua hata kabla hujaanza kusoma. Mwanamke kafiwa na mume, au katoka kwenye ndoa ya kipigo, na ameapa kwamba basi, mapenzi tena hapana. Mwanamume naye alikuwa askari. Mwenzake aliuawa mbele ya macho yake na tangu siku hiyo usingizi umemkimbia. Mtu asiyejulikana anaanza kumwandama yule mwanamke, na yule askari anaombwa amlinde. Wanajificha nyumba moja, risasi zinalia, na katikati ya hofu kila mmoja anamfunulia mwenzake kidonda chake. Mwishowe mhalifu anakamatwa na wawili hao wanaoana.

Hadithi za mapenzi na taharuki za namna hii zinasomwa sana kwenye simu, hapa Mtwara na kwa jirani zetu wa Lindi. Sehemu ya kwanza unapewa bure. Ukitaka zinazofuata unatuma hela, unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Dada yangu aliyeko Mikindani ni mteja wa kudumu. Ameachika mara mbili. Ndoa ya pili ilivunjika msimu wa korosho: malipo ya mnada yalipoingia benki, mume akaoa mwingine, na yeye akapewa talaka kabla mvua za masika hazijaanza. Huku kwetu habari hiyo si ngeni.

Nilimwambia kwamba anachosoma ni uongo mtamu. Akanijibu, "Mdogo wangu, nitajie hadithi nyingine ambayo bibi harusi wake ana talaka mbili." Sikuwa na jibu, na tangu hapo nimekuwa nikilifikiria swali lake.

Hadithi nyingi za mapenzi tulizokulia zina msichana mbichi, kigori, na kikwazo kinatoka nje: wazazi wamekataa, kijana hana mahari, tajiri ameingilia kati. Riwaya zetu za upelelezi za miaka ya 1970 nazo zilikuwa na shujaa wa chuma, kama Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambaye kazi yake ni kuokoa nchi na mapenzi kwake ni kituo cha njiani. Aliyekwisha kuvunjika moyo hakuwa na nafasi ya mbele katika aina zote mbili. Riwaya za mapenzi na taharuki zilimpa nafasi hiyo, na si leo. Mwaka 1847 Charlotte Brontë wa Uingereza alichapisha Jane Eyre: yatima aliyenyanyaswa utotoni anampenda bwana mwenye siri nzito ndani ya nyumba yake, na siri hiyo inaishia kwenye moto unaomwacha bwana yule bila macho na bila mkono mmoja. Waandishi wengi waliofuata wamekuwa wakichota kisima hichohicho.

Kuna jambo jingine ambalo hadithi hizi zinalifanya vizuri, na mimi nililichelewa kuliona. Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Katika maisha ya kawaida mtu huyo anaonekana ana matatizo. Anakagua komeo mara tatu, anaruka mlango ukibamizwa na upepo, anauliza ulikuwa wapi, na majirani wanasema huyu mwanamke vipi. Ndani ya hadithi ya taharuki, nyoka yupo kweli. Kushtuka kwake ndiko kunakowaokoa wote wawili. Kwa mara ya kwanza hofu yake haimwaibishi, inaheshimiwa. Tena aliyedanganywa kwa maneno matamu hawezi kuponywa kwa maneno matamu. Anahitaji kuona vitendo, na hatari inaleta vitendo upesi. Mwanamume anasimama mlangoni usiku kucha au anaondoka, hakuna la katikati. Dada analipia hilo, na sioni sababu ya kumlaumu.

Lakini hapohapo ndipo ninapoanza kuzitilia shaka hadithi hizi.

Mwandishi akishamleta nyoka wa kweli na kumuua, anatuambia kidonda kimepona. Mhalifu yuko jela, kwa hiyo moyo umetulia. Maisha hayaendi hivyo. Nyoka akifa, ung'ongo unabaki, na usiku wa kwanza wa upepo mkali juu ya bati utamkuta yule mwanamke macho wazi vilevile. Mila na dini zetu zinalijua jambo hili kuliko waandishi. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Watu huiona eda kama masharti tu, ila ndani yake kuna muda: hakuna posa, hakuna haraka, watu wanakuja kukaa nawe hata bila la kusema. Mjane wa riwaya anapewa usiku tatu, tena akiwa anakimbia.

Na hiyo hofu inayowasogeza karibu, je, ni mapenzi? Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili, Dutton na Aron, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwenye daraja la kamba la Capilano karibu na Vancouver, Kanada, linaloning'inia zaidi ya mita 60 juu ya mto. Wanaume waliovuka daraja lile linaloyumba walikutana na msichana mtafiti aliyewapa namba yake ya simu. Waliompigia baadaye walikuwa wengi kuliko wale waliokutana naye kwenye daraja imara. Maelezo ya watafiti yalikuwa kwamba moyo ulidunda kwa woga, na mwenyewe akadhani unadunda kwa ajili ya msichana. Hadithi za aina hii zimejengwa juu ya daraja hilo, na mara nyingi zinaisha kabla wahusika hawajafika nchi kavu.

Isitoshe, hofu yenyewe haina tabia moja. Kijiji cha Kitaya, kando ya mto Ruvuma huku kwetu, kilivamiwa Oktoba 2020 na wapiganaji waliovuka kutoka Msumbiji. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Msomaji wa ukanda huo anajua kwamba woga wa kweli hufunga vinywa. Unafunga mizigo, unahesabu watoto, unatembea. Mambo ya moyo yanakuja baadaye sana, kama yanakuja.

Linalonikera zaidi ni kwamba mwanamke wa hadithi hizi hana kwao. Mama hayupo, dada hayupo, mjomba hayupo. Kwa Wamakonde na Wamwera, ambao kwa asili ukoo wao hufuata upande wa mama, mwanamke aliyeachika ana pa kurudi, na mjomba ana sauti katika mambo yake. Mwandishi anawafuta wote ili abaki mwanamume mmoja tu wa kumtegemea, naye anamwambia asipokee simu, asitoke, asimwamini mtu. Kitabuni huo ni ulinzi. Wanawake waliowahi kupigwa watakwambia mateso yao yalianza hivyohivyo: kwanza alitengwa na ndugu zake. Wivu wa shujaa nao unasamehewa kwa sababu aliumia zamani, kana kwamba kidonda chake ni leseni. Hadithi ya hivyo ninaiona mbaya, hata ikiandikwa kwa ufundi, kwa kuwa inamrudisha msomaji mlemle alimotoka.

Nilimweleza dada hoja ya ndugu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hao ndugu ndio walioniambia nivumilie." Ni kweli, nami nilikuwa miongoni mwao. Alipokuja nyumbani mara ya kwanza na jicho limevimba, enzi za ndoa ile ya mwanzo, tulimpa chai, tukamsikiliza, na jioni tukamsindikiza kurudi. Mtu wa kwanza kumwamini moja kwa moja, bila kumuuliza na wewe ulifanya nini, alimkuta kwenye hadithi. Kwa hiyo siwezi kusema ndugu ni dawa na kitabu ni sumu. Ninachodai ni kwamba mwandishi awaweke ndugu ndani, na ubaya wao na wema wao, tuone mapenzi ya watu wawili yanavyosimama mbele ya mama anayesema vumilia na mjomba anayetaka kujua huyu askari ni wa nani.

Na msomaji naye adai kidogo: mtunzi asiishie kwenye pingu. Kwenye kundi la dada wasomaji wanaruhusiwa kumwandikia mtunzi. Wengi wanaomba harusi, wengine wanaomba adui mpya. Nilimuuliza yeye angeomba nini.

"Nataka ile siku mume amekwenda mjini kufuatilia malipo ya korosho," alisema. "Magharibi imeingia, hajarudi, simu haipatikani. Aniandikie huyo mwanamke anafanya nini mpaka asubuhi."