Poti 8291 na nauli ya Arua

Mwaka jana niliitwa kuangalia ruta ya SACCO moja mjini Arua, Uganda. Intaneti ilikuwa nzito, na lawama zote zilikuwa zimeshatupiwa kampuni inayowauzia mtandao. Ruta yenyewe ilikaa juu ya kabati la mafaili, vumbi tupu. Nilipofungua orodha ya kanuni za faiwoli, ulinzi unaochuja kinachopita kwenye ruta, nikakuta ya mwisho inasema: zuia kila kinachoingia kutoka nje. Imeandikwa vizuri kabisa. Ila idadi ya pakiti (vipande vya data) ilizozuia ilisomeka sifuri. Juu yake, kanuni ya tatu ilikuwa inaruhusu kila kitu, na pembeni fundi alikuwa ameandika maneno mawili: "ya muda".

Faiwoli husoma kanuni kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo inayoamua. Ruhusa ikikaa juu ya katazo, katazo linabaki pambo.

Nikampigia fundi aliyeifunga ruta hiyo, yuko Kampala. Hakukana. "Kaka, huko ni karibu kilomita 500. Wakinipigia saa tatu asubuhi wateja wamejaa na mfumo umesimama, nipande basi?" Basi alitaka kufungua poti 8291, yaani mlango wa mtandao unaotumiwa na Winbox, programu ya kuendeshea ruta kama hii, aweze kuingia akiwa popote. Ilipomkatalia akaruhusu kila kitu, akaingia, akamaliza kazi, akasahau.

Wanaomlaumu fundi wana hoja nzito, tena ina historia. Mwaka 2018 ruta za MikroTik, ambazo kwetu zimejaa kuanzia hotelini hadi kwenye vibanda vya Wi-Fi ya vocha, zilikutwa na tundu: mtu wa nje aliweza kusoma faili la nywila kupitia poti hiyohiyo ya 8291 bila kuingia kama mtumiaji. Kampuni hiyo ya Latvia ilitoa marekebisho mwezi Aprili. Miezi kadhaa baadaye ruta zaidi ya laki mbili duniani zilikuwa zimetekwa na kutumika kuchimba sarafu za kidijitali. Tundu lilikuwa la kiwandani, sawa. Lakini kanuni ambazo ruta ndogo za nyumbani huja nazo zilikuwa zinaifunga poti hiyo kwa upande wa intaneti. Waliovamiwa kutoka nje, kwa sehemu kubwa, ni wale ambao mtu aliwafungulia mlango kwa mkono wake.

Mimi hapo nasita kidogo. Ruta kubwa za kampuni hiyohiyo huja bila kanuni yoyote ya faiwoli, na kwa miaka mingi mtumiaji "admin" alikuja bila nywila kabisa. Siku hizi nywila imebandikwa kwenye lebo. Faiwoli ya IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, ina orodha yake peke yake, kwa hiyo unaweza kujenga ukuta wa IPv4, ule wa zamani, ukaacha dirisha wazi upande wa pili usijue. Tena tusidhani haya ni mambo ya mafundi wa mikoani. Benki ya Capital One ya Marekani, yenye wahandisi wa kila aina, iliibiwa data za watu zaidi ya milioni 100 mwaka 2019 kupitia faiwoli ya tovuti iliyosanidiwa vibaya, ikapigwa faini ya dola milioni 80.

Wapo watakaosema dawa ipo: funga yote, fundi aingie kwa VPN, njia ya siri ndani ya intaneti. Ni kweli, na WireGuard, mojawapo ya VPN hizo, imo ndani ya RouterOS 7, mfumo unaoendesha ruta za MikroTik, bila malipo ya ziada. Shida ni kwamba ofisi nyingi hapa hutumia laini za simu ambako wateja wengi hushiriki anwani moja ya umma. Ruta ya ofisi kama hizo haifikiki kutoka nje hata ukitaka. Inabidi yenyewe ipige simu kwenda kwenye seva iliyo mahali pengine, na seva hiyo hulipiwa kwa dola kila mwezi. Nani alipe? Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 imeshajibu kwa upande wa wajibu: anayeshikilia data za watu ndiye anayetakiwa kuzilinda. Kwa hapa ni SACCO yenyewe. Lakini SACCO ilimlipa fundi kwa jambo moja tu, intaneti iwake, na ikawaka.

Kwangu kosa la fundi ni lile neno "ya muda" lisilo na tarehe. Kilichobaki ni cha aliyeandika mkataba, kama mkataba ulikuwepo.

Tulikubaliana naye kwa simu: seva ndogo moja kwa wateja wake wote, gharama wagawane. Alipohakikisha anaingia kwa njia hiyo nikaifuta kanuni ya tatu. Ile sifuri ikaanza kusogea. Kabla sijamaliza kikombe cha chai ilikuwa imepita 3,000, watu wa nje wakigonga milango ya SACCO hii mmoja baada ya mwingine. Meneja alisimama nyuma yangu akizitazama namba zikipanda, kisha akauliza kwa upole kabisa kwa nini nimtoze pesa wakati sikuja na kifaa chochote.